Kasenga: Mesaji inaokoa unite, lakini salamu inapotea

KASENGA – Asubuhi, mitumbwi inapofika ukingoni mwa mto Luapula, wamama wanaonunua samaki wanakuwa na simu mkononi, lakini ni wachache wanaoiweka kwenye sikio. Wengi wanaandika. Bei ya pale, hesabu ya mifuko ya chisense, saa ya gari kuondoka: yote yanakwenda Lubumbashi, karibu kilomita 200 kutoka hapa, kwa maneno machache ya mesaji.

Mesaji ya kwanza duniani ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, na ilikuwa salamu ya Noeli. Leo, katika mji huu wa wavuvi unaotazamana na Zambia, mesaji inafanya kazi ya soko, ya benki na ya tarishi. Lakini katika familia nyingi inazusha pia ugomvi ambao zamani haukuwepo.

Pesa na rezo

Sababu ya kwanza ni pesa. Mtu akipiga simu, salamu peke yake zinakula unite. Heshima inadai aulize kwanza habari za nyumbani, za watoto na za mgonjwa, ndipo aseme shida yake. Akifika hapo, unite zimekwisha. Mesaji ya kawaida ina nafasi ya herufi 160 tu, na hakuna anayeshangaa ikianza moja kwa moja na bei ya samaki.

Sababu ya pili ni rezo na umeme. Simu ikiwa imezimwa, au ikiwa mahali pasipo na rezo, aliyepiga amepiga bure. Mesaji haipotei hivyo. Inahifadhiwa kwenye mtambo wa kampuni ya simu, na mwenye simu anapoiwasha au anapotoka ziwa Mweru na kukuta rezo, inaingia. Kwa mvuvi anayelala majini, tofauti hiyo ni kubwa.

Tena mesaji inabaki. Bei iliyoandikwa haikataliwi kwa urahisi. Tangu M-Pesa ilipoingia Kongo mwaka 2012, na huduma nyingine za namna hiyo kama Airtel Money na Orange Money, mesaji imekuwa pia risiti. Matapeli wanajua hilo: wanatuma mesaji ya uongo inayosema pesa zimeingia, kisha wanapiga simu wakiomba zirudishwe kwa sababu eti walikosea namba. Anayerudisha bila kutazama kwanza salio lake anatoa pesa zake mwenyewe.

Aibu nayo ina sehemu yake. Kumwomba mjomba pesa za shule kwa mdomo ni kazi ngumu, hasa akiwa mkali. Kwa mesaji, mtu anaandika, anafuta, anaandika tena, na hasikii sauti ya kukataliwa. Mwenye deni pia anaweza kusoma na kunyamaza, kana kwamba hajaona.

Sauti haionekani

Hapo ndipo matatizo yanapoanza. Jibu fupi kama « sawa » linaweza kuwa la furaha au la hasira, na herufi hazisemi ni lipi. Kijana aliyezoea kufupisha maneno anamwandikia shangazi yake bila « jambo » wala « shikamoo », na shangazi anaona amedharauliwa. Unite iliyookolewa ni ile ile ambayo zamani ilinunua salamu.

Kwa wazee wasiojua kusoma, siri nayo inapotea. Mjukuu ndiye anayewasomea, na hivyo mtoto wa miaka kumi anajua deni la babu au ugonjwa wa nyanya kabla ya wakubwa wengine. Ndiyo maana wenye simu za intaneti wanapenda kutuma vokali kwenye WhatsApp: sauti inarudi, ingawa inahitaji mega na simu ya bei zaidi.

Linaloumiza kuliko yote ni habari ya kifo. Desturi inataka mjumbe aende kwa miguu, aketi, asalimie, aulize kama mtu amekula, kisha aseme polepole, huku majirani wakiwa karibu. Mesaji haina kiti wala jirani. Inamkuta mama peke yake sokoni, au baba akiendesha pikipiki.

Siku mesaji zilipozimwa

Wakongomani walijua uzito wa mesaji pale zilipokatwa. Desemba 2011, baada ya uchaguzi, serikali ilisimamisha mesaji nchini kote kwa wiki kadhaa. Viziwi, ambao hawawezi kupiga simu ya sauti, walilalamika kwamba wamenyimwa njia yao ya kujulishwa hatari. Zilikatwa tena Januari 2015 wakati wa maandamano kuhusu sheria ya uchaguzi, na baada ya kura ya tarehe 30 Desemba 2018 hadi Januari 2019.

Kwa hiyo hakuna anayefikiri kurudi nyuma. Swali ni kujua lipi la kuandika na lipi la kusema. Bei, namba na saa ya gari vinaandikwa. Posa, msamaha na kifo vinataka sauti, na ikiwezekana uso.

Wapo waliopata njia ya katikati. Kifo kikitokea Lubumbashi, mesaji haiendi kwa mama wa marehemu hapa Kasenga. Inakwenda kwa jirani au kwa mkubwa wa kanisa, ikimwomba amfikie mama kwanza. Yeye anaisoma, anaweka simu mfukoni, na anatembea mpaka mlangoni kwa mama, anabisha hodi na kuomba kiti.