Je, Wajua? Kalamu za Ajabu Katika Vita vya Wema na Uovu

Wafipa wa kusini-magharibi mwa Tanzania walisimulia mapambano ya wema na uovu vizazi vingi kabla wino haujafika kwao. Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza, alizikusanya simulizi zao miaka ya 1960, na kitabu chake kikatoka Oxford mwaka 1978. Kalamu yenyewe ilizidi kuota mizizi ukanda huu baada ya Mapadre Weupe, wamisionari wa Kikatoliki, kukabidhiwa ngome ya Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885. Leo kalamu ni kitu cha kawaida Namanyere, mji wa Ufipa. Lakini katika hadithi za mataifa mengi kifaa hiki kidogo hakikuachiwa kazi ya kuandika tu. Kimepewa uwezo wa kuokoa, kulaani, kuponya na kuua, na mara nyingi uwezo huo huanza pale kinapoandika jina la mtu au kumtia alama.

Kidau kilichotangulia silaha

Je, wajua kwamba katika Biblia kuna mwandishi aliyetumwa kupita mji mzima kabla ya maangamizi? Sura ya 9 ya kitabu cha nabii Ezekieli inaeleza maono ya watu sita wenye silaha mikononi. Kati yao yupo mmoja aliyevaa kitani, na kiunoni ana kidau cha wino. Huyo wa kidau ndiye anayeamriwa kupita Yerusalemu na kuwatia alama katika vipaji vya nyuso wale wanaohuzunishwa na maovu ya mji. Wenye silaha wanamfuata nyuma, na mwenye alama haguswi. Katika maono hayo, wino ndio uliotenganisha uhai na kifo.

Waandishi wawili wasiosinzia

Je, wajua kwamba Kurani ina sura inayoitwa Kalamu? Ni sura ya 68, nayo inafungua kwa kiapo cha kalamu. Sura ya 82 inawataja waandishi watukufu wanaojua yote ayatendayo mwanadamu, na Waislamu hufundishwa kwamba mmoja yupo kuliani akiandika mema, mwingine kushotoni akiandika mabaya. Wakristo nao husoma katika Ufunuo, sura ya 20, juu ya vitabu vitakavyofunguliwa siku ya hukumu, pamoja na kitabu cha uzima chenye majina. Dini zote mbili zinakubaliana katika hili: mwenye kuandika hesabu ya mtu lazima awe ameona kila kitu.

Maandishi yanayonywewa

Je, wajua kwamba Zanzibar na kote Pwani maneno huandikwa ili yanywewe? Dawa hiyo huitwa kombe. Zafarani huloweshwa katika maji ya waridi mpaka utoke wino wa manjano iliyokolea. Mwalimu huchukua kalamu ya mwanzi au kijiti, akaandika aya za Kurani ndani ya sahani nyeupe, kisha akaacha zikauke. Baadaye humimina maji, herufi zikayeyuka mbele ya macho ya mgonjwa, na maji yakatiwa chupani ili anywe kidogo kidogo. Anayeliendea kombe aghalabu anatafuta kinga ya jicho la hasidi, ya majini au ya uchawi.

Misri ya kale nayo ina kisa kinachokaribiana na hicho. Katika hadithi ya Setne Khamwas, iliyohifadhiwa kwenye mafunjo ya zama za wafalme wa ukoo wa Ptolemaio, mwana wa mfalme aitwaye Naneferkaptah anaiba kitabu cha uchawi kilichoandikwa kwa mkono wa Thothi, mungu wa waandishi. Anakinakili neno kwa neno kwenye mafunjo mapya, anayalowesha kwa bia, anayayeyusha majini, kisha anakunywa. Ujuzi wote unamwingia, lakini anaulipia kwa uhai wa mwanawe, wa mkewe na wa kwake mwenyewe.

Damu iliyokataa kuwa wino

Je, wajua kwamba katika mkataba maarufu kuliko yote na shetani, wino ndio uliogoma? Kisa cha Faust kilichapishwa Ujerumani mwaka 1587, na baadaye Mwingereza Christopher Marlowe akakitungia tamthilia. Humo Faust anajichanja mkono ili aandike kwa damu hati ya kuiuza roho yake. Katikati ya kuandika damu inaganda. Wakala wa shetani analeta makaa ya moto kuiyeyusha, na hati inapokamilika, maneno ya kumwonya akimbie yanatokea juu ya mkono uleule. Mwili ulimwonya mara mbili, naye bado akaikabidhi hati.

Alama ya Mangungo

Je, wajua kwamba Tanganyika ilikuwa na mkataba wake wa aina hiyo, tena wa kweli? Mwishoni mwa Novemba 1884, Mjerumani Carl Peters alifika kwa Mangungo wa Msovero, Usagara, katika eneo ambalo leo lipo Wilaya ya Kilosa. Mangungo alitia alama kwenye karatasi ya lugha asiyoisoma, akiamini ni ya urafiki. Karatasi ile na nyingine za safari hiyo zilifika Berlin, na tarehe 27 Februari 1885 Kaisari akatoa hati ya ulinzi kwa kampuni ya Peters. Hapakuwa na uchawi wowote. Ulaghai wa mwenye kalamu ulitosha kuzigeuza alama chache kuwa koloni.

Brashi ya Ma Liang

Je, wajua kwamba watoto wa China hukua na hadithi ya kijana maskini mwenye brashi ya ajabu? Hong Xuntao aliiandika katika miaka ya 1950. Kila anachochora Ma Liang huwa kitu halisi, naye huwachorea wanyonge vitendea kazi wanavyokosa. Mtawala mwenye tamaa anamlazimisha amchoree mali. Ma Liang anachora bahari, mlima wa dhahabu ng'ambo yake, na merikebu ya kuufikia. Mtawala anapopanda na watu wake, kijana anachora upepo, na upepo juu ya upepo, hadi merikebu inazama.

Daftari la kifo

Je, wajua kwamba vijana wengi wa leo wamekutana na mada hii kupitia katuni za Kijapani? Death Note, ya Tsugumi Ohba na Takeshi Obata, ilitoka kwa mfululizo kati ya 2003 na 2006. Mwanafunzi hodari anaokota daftari. Akiandika jina la mtu huku akiikumbuka sura yake, mtu huyo anakufa baada ya sekunde 40. Anaanza na wahalifu, akijiita mleta haki. Muda si mrefu anawaandika pia wapelelezi wanaomfuatilia. Hadithi hii inafaa kusomwa kwa makini, kwa sababu uovu wake unaanza kwa nia inayofanana sana na wema.

Karatasi ya chooni

Je, wajua kwamba Afrika Mashariki ina kalamu zilizoshinda kuta za magereza? Mshairi Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa kati ya 1969 na 1972 kwa kuikosoa serikali ya Kenya katika waraka wake Kenya: Twendapi? Mashairi yake aliyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni, yakatoka mwaka 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa kizuizini katika gereza la Kamiti mwaka 1978, alitumia karatasi za aina hiyohiyo kuandika riwaya ya Kigikuyu ambayo Waswahili wanaisoma kama Shetani Msalabani. Wote wawili walivichapisha vitabu hivyo kwa majina yao wenyewe.

Kura ya kutaja majina

Je, wajua kwamba Tanzania iliwahi kuwapa wananchi kalamu ili waandike majina ya watu waovu? Machi 2009, wakati mauaji ya watu wenye ualbino yalipoitikisa nchi, serikali iliendesha kura ya siri Kanda ya Ziwa ili wananchi wawataje waliowashuku. Lengo lilikuwa kuokoa maisha. Hata hivyo, kikaratasi kisicho na sahihi hakitofautishi aliyeona na anayechukia.

Ufipa inalijua jambo hili kwa uchungu wake. Miaka ya 1963 na 1964 harakati ya Kamchape ilipita vijijini ikidai kuwafichua wachawi, na wazee wengi wakanyooshewa vidole.

Ndugu msomaji, daftari la kifo si la katuni peke yake. Jina la mzee wa jirani likiandikwa kwenye kikaratasi, kwenye barua isiyo na sahihi au kwenye ujumbe wa simu kwamba ni mchawi, linaweza kumfukuza kijijini au kumwua. Ukiwa na ushahidi wa uhalifu, nenda polisi, toa maelezo na uweke sahihi yako. Usipokuwa nao, usiliandike jina la mwenzako.