Kompyuta Ikiita kwa Sauti Yako, Dhima ni Yako

Mwaka wa kwanza nilioingia mashindano ya redio ya ridhaa, kufikia Jumamosi jioni sauti ilikuwa imenikauka kabisa. Kwa asiyejua, redio ya ridhaa ni mawasiliano ya hewani ya watu wenye leseni, kwetu ya Mamlaka ya Mawasiliano, bila biashara ndani yake. Shindano kubwa la sauti, CQ World Wide, huwa wikendi kamili ya mwisho ya Oktoba, saa 48 mfululizo. Hapa Mombasa linaanza saa tisa usiku wa kuamkia Jumamosi. Unaita "CQ", unataja alama yako (za Kenya nyingi huanza na 5Z4), akijibu mtu mnapeana namba: 59 ya usikivu na 37, namba ya kanda yetu. Kisha mwingine. Koo gani litahimili?

Mwaka uliofuata rafiki yangu alinionyesha dawa. Programu ya N1MM Logger+ hailipiwi na hutumika kwenye Windows. Unarekodi wito wako mara moja, unauhifadhi kama faili la sauti. Ukibonyeza F1, kompyuta inaita kwa sauti yako. F2 inatoa namba, F3 inashukuru, Esc inakatiza. Unaweza hata kuiamuru irudie wito kila baada ya sekunde chache, nawe unywe kahawa yako ukisikiliza.

Kosa langu lilikuwa kwenye waya. Nilichukua sauti yote ya kompyuta, nikaiingiza kwenye tundu la maikrofoni ya redio, kisha nikawasha VOX, yaani redio irushe yenyewe kila isikiapo sauti. Karibu saa kumi na moja alfajiri, programu ya vipindi vya swala kwenye kompyuta ikaanza kuadhini. Redio ikaitika. Adhana ikatoka hewani, juu ya watu waliokuwa wakiwasiliana. Nikabonyeza Esc, wapi! Esc huzima rekodi za N1MM tu, na adhana haikuwa yake. Ikabidi ning'oe waya. Niliona haya mara mbili: masafa haya si ya kutangazia, na adhana si kitu cha kukatwa katikati.

Basi ukitaka kuanza, fanya haya. Nunua kadi ndogo ya pili ya sauti ya USB, uiachie redio peke yake. Ndani ya N1MM chagua kadi hiyo, na sauti nyingine zote za Windows zibaki kwenye spika ya kompyuta. Zima VOX, acha programu ndiyo iiamuru redio kurusha na kunyamaza kupitia kebo ya kuiongoza. Redio mpya kama Icom IC-7300 zina kadi ya sauti ndani, kebo moja ya USB hubeba amri na sauti pamoja. Hata hapo, hakikisha Windows haijaifanya kadi hiyo kuwa spika yake ya kawaida. Mwisho, punguza sauti ya rekodi mpaka ilingane na ya maikrofoni, maana ikizidi itakwaruza masikio ya watu na kuwavamia majirani zako hewani.

Wazee walisema mdomo huponza kichwa. Siku hizi mdomo wenyewe unaweza kuwa kompyuta, lakini alama inayosikika ni yako, na leseni ina jina lako.