Leseni ya Kompyuta Ilivyosimamisha Miwa



Msimu uliopita kiwanda kimoja cha sukari katika eneo letu kilisimama siku tatu. Boila zilikuwa nzima, vinu vilikuwa vizima, miwa imejaa uwanjani. Kilichokosekana ni leseni. Vibarua wa kukata miwa walirudishwa nyumbani bila malipo, na tulipouliza sababu tukajibiwa kwamba hayo ni mambo ya kompyuta. Jibu hilo halikututosha. Tulikwenda kwa mafundi, tukaomba tufundishwe.

Siku hizi vali, pampu na mikanda huendeshwa na visanduku vya umeme vyenye programu ndani. Juu ya visanduku hivyo ipo kompyuta ya chumba cha zamu, inayoonyesha joto na presha. Programu ya kompyuta hiyo kiwanda hakiinunui kama mtu anavyonunua jembe. Kinanunua ruhusa ya kuitumia, na mara nyingi ruhusa hiyo imefungwa kwenye kompyuta moja tu. Ukibadilisha kompyuta, au pengine diski yake tu, programu inakukana.

Mitambo ya namna hii viwanda vingi haviiunganishi na intaneti, na ni vyema. Basi leseni hufuatwa kwa miguu. Kompyuta inatoa namba ya maombi, fundi anaiweka kwenye flashi, anaipeleka kwenye kompyuta nyingine yenye intaneti, mwenye programu anatoa jibu, fundi analirudisha kiwandani. Makampuni mengine hutoa ufunguo mdogo wa kuchomeka kwenye kompyuta. Ukipotea huo, ndugu, mtakaa kusubiri mwingine.

Tena flashi hiyo ni mlango. Mwaka 2010 viligunduliwa virusi vya kompyuta vinavyoitwa Stuxnet, vilivyojua kusafiri kwa flashi. Viliharibu mashine za kurutubisha urani huko Natanz, Iran, ingawa mitambo ile haikuunganishwa na intaneti. Kwa hiyo fundi anayeambiwa achukue flashi yoyote iliyopo mezani anabebeshwa hatari isiyo yake.

Katika kiwanda tulichokitaja, diski iliharibika Jumamosi, na ofisi ya wakala ilikuwa imefungwa. Tena leseni ilikuwa imesajiliwa kwa anwani ya fundi ambaye menejimenti yenyewe ilimpunguza kazini mwaka uliotangulia! Hakuna mwingine aliyejua neno la siri. Visanduku vilikuwa bado vinafanya kazi, na msimamizi akataka vinu vizungushwe hivyo hivyo bila skrini. Wenye zamu walikataa kusaga kwa kubahatisha, nasi tunawaunga mkono. Wakati huo miwa iliyokwisha kukatwa ilikuwa inapoteza sukari kila siku inayolala, na hasara ikatupwa kwa wakataji, ambao hata chumba cha zamu hawajapata kukiona.

Tawi limeiandikia menejimenti mambo manne: leseni zisajiliwe kwa jina la kiwanda, nakala za programu na kompyuta ya akiba yenye leseni yake ziwekwe stoo, chini ya ufunguo, iwepo flashi moja ya kazi hiyo tu, inayokaguliwa kabla ya kuchomekwa, na siku za kusimama kwa ajili ya leseni zilipwe kama siku za kazi, jambo hili liandikwe katika mkataba wa pamoja.

Matatu ya kwanza yamekubaliwa. La malipo bado tunabishana. Wakataji wote waliorudishwa siku zile tatu wapeleke kadi zao za mahudhurio kwa katibu wa tawi, hata wale ambao majina yao nyapara hakuyaandika.