Hisa na Mgono wa Mvuvi

Aliyefika kwenye maporomoko ya Wagenia, hapa Kisangani, amewaona wavuvi wakitega migono yao mikubwa kwenye miti iliyosimikwa kati ya miamba. Mvuvi hatumainii mgono mmoja. Hutega mingi, maana ajua ya kuwa mmoja utatoka na samaki na mwingine utatoka mtupu. Vijana wetu na waushike mfano huu, kwa kuwa leo twataka kusema nao juu ya kununua hisa.

Hisa ni nini? Ni sehemu ya kampuni. Kampuni ikitafuta mtaji huuza sehemu zake, na kila anunuaye huwa mmoja wa wenye mali. Faida ikipatikana, aweza kupewa gawio. Hasara ikiingia, thamani ya hisa yake hushuka. Basi mwenye hisa ni mshiriki wa kazi, wala si mcheza kamari.

Wengine watauliza, “Mbona tusiiweke fedha yetu nyumbani?” Wazee wanalo jibu. Mwaka 1993 zaire mpya 1 ilichukua nafasi ya zaire 3,000,000 za zamani, na mwaka 1998 faranga 1 ya Kongo ikachukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Aliyeficha noti chini ya godoro aliona akiba ya miaka ikigeuka karatasi. Fedha iliyolala huliwa na bei, kama nguo iliwavyo na nondo.

Lakini iko hatari nyingine, nayo ni haraka. Miaka ya 1990 na 1991 watu wengi nchini, hasa Kinshasa, waliingia katika michezo ya fedha, na uliojulikana zaidi ni Bindo. Waliahidiwa kurudishiwa fedha yao mara nyingi zaidi kwa muda mfupi. Wa kwanza walilipwa kweli, lakini kwa fedha ya waliokuja nyuma yao. Hapakuwa na kiwanda wala shamba lililozaa faida ile. Michezo ilipoanguka, jamaa nyingi zilipoteza akiba yao.

Michezo ya namna hii hurudi kwa majina mapya, na siku hizi huwafikia vijana kwa simu, mara nyingine ikijiita biashara ya hisa. Tuseme kijana anayebeba abiria kwa pikipiki ataka kuiuza ili aingie humo. Baba yake na amwulize neno moja tu: “Mwanangu, faida hiyo inatoka katika kazi gani?” Kijana akikosa jibu, pikipiki na ibaki uani.

Hapa Kisangani hakuna soko la hisa. Yaliyo jirani ni ya Kampala, Kigali na Nairobi. Lile la Nairobi lilianza mwaka 1954, nalo latufundisha subira. Mwaka 2008 hisa za kampuni ya simu ya Safaricom ziliuzwa kwa watu kwa shilingi 5 za Kenya. Mwaka uliofuata bei ilikuwa imeanguka chini ya shilingi 3, na walioingia kwa fedha ya kukopa wakalazimika kuuza kwa hasara. Waliongoja waliona bei ikipita shilingi 40 mwaka 2021. Hata hivyo, mwaka 2023 ilishuka tena chini ya 20, na aliyenunua wakati wa bei kubwa alijuta. Hisa hupanda na kushuka. Anayewaahidi kupanda tu anawadanganya.

Basi, vijana, anzeni na mambo madogo. Likelemba ya mtaani itawafundisha kutimiza ahadi, na koperativa ya akiba itawazoeza kuweka kidogo kila mwezi. Jifunzeni kusoma hesabu za kampuni. Siku ya kununua hisa ikifika, tafuteni dalali mwenye kibali cha serikali, nunueni za kampuni mbalimbali, wala msitumie fedha ya chakula, ya dawa au ya karo.

Mvuvi wa Wagenia hakuzaliwa akijua kutega: alisimama kwanza kando ya baba yake, akatazama maji. Haraka haraka haina baraka.