Cheo cha afisa kikibishaniwa, mahakama inaweza kufanya nini?

Katika mikutano yetu na familia zilizokimbia makwao, Kasongo na Kabambare, swali hili linarudi mara kwa mara: mabishano ya vyeo vya jeshi yanayotokea mbali, Kinshasa, yanatuhusu nini sisi tunaolala katika nyumba za watu? Yanatuhusu sana. Afisa akipinga uamuzi kwa karatasi, watu wanabaki mashambani mwao. Akiupinga kwa bunduki, watu wanakimbia.

Tumeyaona. Vita vya 1998 hadi 2003 viliwapambanisha RCD-Goma na Mai-Mai hapa kwetu Maniema. Baada ya makubaliano ya Pretoria ya Desemba 2002, majeshi yalichanganywa, na kila kundi lilikuja na makoloneli na majenerali wake. Wengi waliopata vyeo porini walidai vitambuliwe. Katika makubaliano ya Goma ya tarehe 23 Machi 2009 kati ya serikali na CNDP, suala la vyeo lilikuwamo tena. Mwaka 2012 baadhi ya askari waliotoka CNDP waliasi na kuanzisha M23. Vyeo vilikuwa kati ya malalamiko yao. Kivu ya Kaskazini, raia kwa maelfu waliacha vijiji vyao.

Nani anatoa cheo?

Kwa Katiba ya 2006, kifungu cha 81, maafisa wakubwa, tangu meja hadi jenerali, wanateuliwa na Rais wa Jamhuri kwa pendekezo la serikali, baada ya Baraza Kuu la Ulinzi kusikilizwa. Chifu, mbunge au kamanda wa kundi hawezi kumfanya mtu koloneli.

Afisa akionewa afanye nini?

Kwanza anaandika malalamiko kwa mamlaka iliyochukua uamuzi. Asiporidhika, anaweza kushtaki mbele ya Baraza la Taifa (Conseil d'État) huko Kinshasa, lililoanza kazi mwaka 2018, na kuomba uamuzi ufutwe kwa sababu umevunja sheria.

Kesi inaweza kuchukua muda mrefu. Kwa hiyo sheria ya tarehe 15 Oktoba 2016 inamruhusu kuomba amri ya muda, yaani uamuzi usimame wakati kesi inaendelea. Jaji anaangalia mambo mawili: je, kuna haraka ya kweli? Na je, kuna shaka kubwa kwamba uamuzi ule ulifuata sheria?

Tuelewe vizuri: amri ya muda haimpi mtu cheo, wala haisemi nani ameshinda. Na hata mwisho wa kesi, jaji anaweza kufuta uamuzi mbaya, lakini hateui afisa badala ya Rais. Mahakama za kijeshi nazo zinahukumu makosa ya askari. Hazigawi vyeo.

Na wale walio porini?

Njia hiyo ya mahakama haiwafai. Katiba, kifungu cha 190, inakataza kuunda wanamgambo na kutunza vijana wenye silaha. Mpango wa P-DDRCS, ulioanzishwa Julai 2021, unahusu kuweka silaha chini na kurudi katika maisha ya raia. Haukuahidi kuingiza kundi zima jeshini pamoja na vyeo vyake.

Viongozi na familia tufanye nini?

Mtu akija kijijini akisema mahakama imempa cheo, tuombe kuona karatasi, na tuulize kama ni amri ya muda au hukumu ya mwisho. Tusichange pesa wala chakula kwa ajili ya cheo cha mtu. Tusiwape vijana wetu ili kamanda aonekane ana watu wengi. Na afisa, mtoto wetu, akilalamika kwamba amesahauliwa, tusimcheke wala tusimchochee. Tumshauri atafute wakili mapema, maana sheria ina tarehe za mwisho.

Watu wa Salamabila na vijiji vingine vya Kabambare wamekimbia mara nyingi mno. Malalamiko ya haki yana mlango wake, na mlango huo haupiti katika mashamba yetu.