Kununua gari la spoti lililotumika: Chunguza breki kabla ya kuulizia kasi

WAPENZI wa magari humu nchini hulitambua gari kwa mlio wake kabla hawajaliona. Subaru Impreza ikipita mtaani, hata mtoto wa shule ya msingi atakutajia jina lake akiwa ameipa kisogo. Mapenzi haya hayakuanza jana. Marehemu Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 akiendesha Impreza, naye marehemu Richard Burns akatwaa ushindi mwaka 2000 kwa gari la jina hilo hilo.

Tatizo ni kwamba mapenzi hayo hayajapata mahali pa kutulizwa. Baadhi ya vijana huyamalizia katika barabara kuu usiku wa manane, ambako mtembea kwa miguu au mwendeshaji bodaboda hana habari kwamba amejikuta katikati ya mashindano. Gharama yake tumeishuhudia mara nyingi mno.

Katika nchi nyingi, jawabu limekuwa siku za uwanjani. Hizi si mashindano. Mwenye uwanja hukodisha lami yake kwa saa kadhaa, na kila mwenye gari hulipa ada, hukaguliwa, huelezwa sheria, kisha huingia kwa zamu pamoja na madereva wa kiwango chake. Hapana kikombe wala mshindi. Kulipita gari jingine huruhusiwa sehemu maalumu pekee, na aghalabu mpaka anayepitwa aashirie kwamba amemwona mwenzake.

Nchini Ujerumani, njia ya kaskazini ya uwanja wa Nürburgring, iliyofunguliwa mwaka 1927 na yenye urefu wa karibu kilomita 21, huachiwa umma kwa siku maalumu. Afrika Kusini wana Kyalami. Hapa kwetu viwanja vya lami vya aina hiyo ni haba, na mashindano mengi ya vilabu huendeshwa juu ya vumbi. Anayetaka kushiriki hufanya vyema kuanzia kwa Shirikisho la Mbio za Magari Kenya, KMSF, na vilabu vilivyo chini yake.

Swali linalofuata ni gari lipi la kununua, maadamu wengi wetu hatuna uwezo wa kununua jipya. Hapa ndipo wengi hujikwaa, kwani swali la kwanza wanalomuuliza muuzaji ni kuhusu nguvu za injini. Swali linalofaa kutangulia ni hili: gari hili litastahimili joto kwa muda gani?

Uzani kwanza, nguvu baadaye

Barabarani, dereva hukanyaga breki kwa nguvu mara moja moja. Uwanjani, hufanya hivyo katika karibu kila kona, mzunguko baada ya mzunguko. Mwendo wote unaopunguzwa hugeuka kuwa joto ndani ya diski na pedi za breki.

Chukua gari la kilo 1,500 linalopunguza mwendo kutoka kilomita 160 kwa saa hadi 60. Joto linalozalishwa na tendo hilo moja latosha kuchemsha takriban lita nne za maji baridi. Gari la kilo 1,000 likifanya vivyo hivyo, joto lake litachemsha lita mbili na nusu. Zidisha tofauti hiyo kwa kona kumi na mizunguko kumi, nawe utaelewa ni kwa nini gari jepesi hubaki uwanjani ilhali lile lenye nguvu nyingi limeegeshwa kando likifuka moshi kwenye magurudumu.

Gari jepesi pia halili tairi haraka na halinywi mafuta mengi. Isitoshe, humfundisha dereva. Mwenye injini kubwa huweza kukosea kona kisha akafidia kosa hilo kwa kukanyaga mafuta. Mwenye injini ndogo hana budi kujifunza kuipita kona sawasawa.

Jambo jingine ni mwinuko wa nchi yetu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu moja kati ya sita ya nguvu zake katika mwinuko huo. Yenye turbo hupoteza kidogo kuliko hiyo, lakini turbo yake hulazimika kufanya kazi ya ziada na joto huongezeka. Kwa hivyo, takwimu zilizoandikwa na mtengenezaji zisikulevye.

Magari manne ya kutafakari

La kwanza ni Suzuki Swift Sport ya kizazi kilichoanza kuuzwa mwaka 2017. Injini yake ni ya sentimita 1,371 za ujazo, ina turbo na nguvu za farasi zipatazo 140. Lile la gia za mkono lina uzani wa karibu kilo 970. Huendeshwa na magurudumu ya mbele, kwa hivyo humsamehe anayeanza. Siku za wiki laweza kwenda kazini na sokoni bila malalamiko.

La pili ni Mazda MX-5, ambalo kule Japani huitwa Roadster. Lilizinduliwa mwaka 1989, na kizazi chake cha nne kilianza mwaka 2015. Lile la paa la kitambaa linalouzwa Japani lina injini ya lita 1.5 na uzani wa takriban tani moja. Huendeshwa na magurudumu ya nyuma na usukani wake humweleza dereva kila kinachotendeka chini ya tairi. Giaboksi za miaka ya mwanzo ya kizazi hicho zimewahi kulalamikiwa, hivyo jaribu kila gia kwa makini. Kumbuka pia kwamba lina viti viwili tu, na kwamba gari likipinduka paa la kitambaa halikukingi. Viwanja vingi hudai nguzo za chuma nyuma ya viti.

La tatu ni Toyota 86, pacha wa Subaru BRZ. Kampuni hizo mbili zililiunda kwa pamoja na likaingia sokoni mwaka 2012, likiwa na injini ya lita mbili isiyo na turbo, nguvu za farasi zipatazo 200 na uzani wa kilo 1,200 na ushei. Mwishoni mwa mwaka 2018, magari yaliyoundwa katika miaka ya mwanzo yaliitwa gereji kubadilishiwa springi za vali. Ukiuziwa la miaka hiyo, omba ushahidi kwamba kazi hiyo ilifanywa, tena na fundi anayeaminika.

La nne ndilo kipenzi cha wengi, Subaru Impreza WRX na nduguye STI. Huendeshwa na magurudumu yote manne, lina turbo na vipuri vyake vimejaa mjini. Lakini ni zito, kati ya kilo 1,400 na 1,500 kwa matoleo mengi, na breki zake hulipia uzani huo. Matoleo mengi ya zamani yana injini zilizo na sifa ya kuvunja pistoni au kukwangua beringi zinapoongezewa nguvu kiholela au zinapokosa oili konani. Lililo katika hali yake ya asili ni gari jema. Lililopitia mikono ya mafundi watatu wa kubahatisha ni deni linalotembea.

Jinsi ya kulikagua

Mwambie muuzaji asiwashe injini kabla hujafika. Injini iliyopashwa joto mapema huficha mengi. Iwashe mwenyewe ikiwa baridi na utazame moshi wa eksozi. Moshi wa samawati huashiria kwamba injini inachoma oili. Moshi mweupe mzito usiokwisha hata baada ya injini kupata joto huenda ukamaanisha kwamba maji ya rejeta yanapenya ndani.

Fungua kifuniko cha oili. Ukiona utando unaofanana na maziwa, huenda oili imechanganyika na maji. Kisha mlipe fundi wako, wala si wa muuzaji, apime mgandamizo wa kila silinda. Kinachotafutwa si idadi kubwa pekee bali usawa. Silinda moja ikiwa chini sana ya wenzake, achana na gari hilo au uhesabu gharama ya injini nyingine.

Lipandishe juu na uchunguze chesisi. Vyuma vilivyopinda, rangi mpya mahali pamoja au alama za kuchomelea ni dalili za ajali. Gari lililonyooshwa vibaya laweza kwenda sawa katika mwendo wa kawaida, lakini konani kwa kasi hufichua siri zake.

Tazama diski za breki. Ukingo uliosimama pembeni huonyesha zimelika. Nyufa na rangi ya buluu huonyesha zimeungua. Tairi nazo zina tarehe. Tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni hutaja wiki na mwaka wa kuundwa, mathalan 3521 ni wiki ya 35 ya mwaka 2021. Tairi iliyolika upande mmoja inalalamika kuhusu mpangilio wa magurudumu, au chesisi yenyewe.

Liendeshe. Rudisha gia kutoka ya tatu hadi ya pili huku injini ikizunguka kwa kasi kiasi. Mkwaruzo hapo ni onyo. Panda mlima kwa gia ya juu na ukanyage mafuta. Injini ikinguruma bila mwendo kuongezeka, klachi imechoka.

Mwisho, uliza ni nini kimebadilishwa. Pedi bora, diski nzuri na rejeta kubwa ni mabadiliko ya mtu aliyejua alichokuwa akitafuta. Kompyuta ya injini iliyochezewa ili itoe nguvu zaidi, bila cheti wala jina la aliyeifanyia kazi, ni sababu tosha ya kuondoka.

Stakabadhi na ushuru

Anayeagiza kutoka Japani akumbuke kwamba Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane tangu mwaka liliposajiliwa mara ya kwanza, na sharti usukani uwe upande wa kulia. Magari mashuhuri ya miaka ya tisini, basi, hupatikana tu kwa waliokwisha kuyaingiza.

Ushuru wa bidhaa nao umekuwa asilimia 20 kwa injini zisizozidi sentimita 1,500 za ujazo, na asilimia 25 kwa nyingi kati ya zile zinazozidi. Hiyo ni sababu nyingine ya kuitazama Swift au Roadster ya lita 1.5. Thibitisha viwango na Mamlaka ya Ushuru Nchini, KRA, kabla ya kutuma pesa, kwani hubadilika.

Omba karatasi ya mnada wa Japani. Alama ya 4 au 4.5 ni gari lililotunzwa vyema, ilhali herufi R humaanisha lilipata ajali na kurekebishwa. Linganisha kilomita zilizoandikwa humo na zile za kwenye dashibodi. Kwa gari lililoko humu nchini, hakikisha nambari ya chesisi yalingana na ile iliyo katika rekodi za Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi Barabarani, NTSA.

Bima pia isomwe. Mikataba mingi ya kawaida haifidii hasara inayotokea katika mbio au majaribio ya kasi. Ukiligonga ukuta uwanjani, huenda hasara yote ikawa yako. Ndiyo maana wazoefu husema usipeleke uwanjani gari ambalo huwezi kumudu kulipoteza, na kamwe usipeleke lile ambalo bado unalilipia mkopo wa benki.

Usimalize pesa zote

Gawa fedha zako mafungu manne. Matatu ndiyo ya kununua gari. La nne liweke, nalo lianze kutumika kabla ya siku ya kwanza uwanjani.

Anza na mafuta ya breki. Hufyonza unyevu kutoka hewani kadiri miaka inavyosonga. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za selsiasi, lakini yakishafyonza unyevu kiwango hicho chaweza kushuka hadi 155. Yakichemka, mapovu hutokea ndani ya mabomba na kanyagio huzama hadi sakafuni bila gari kusimama. Kuyabadilisha ni kazi ya saa moja, na hakuna pesa utakazotumia vizuri kuliko hizo.

Fuatisha pedi zinazostahimili joto, oili mpya iliyojazwa hadi alama ya juu, maji ya rejeta na tairi nne za aina moja. Kisha nunua helmeti halisi ya magari. Nguvu za ziada za injini zitasubiri mwaka wa pili, na wengi hugundua wakati huo kwamba hawazihitaji.

Siku yenyewe ikifika, toa kila kitu kilicholegea ndani ya gari na ukaze nati za magurudumu. Endesha kwa vipindi vya dakika 15 hivi, ukitenga mzunguko wa mwisho kuwa wa polepole ili breki zipoe. Ukiegesha, usivute breki ya mkono diski zikiwa moto. Acha gari kwenye gia na uweke jiwe nyuma ya gurudumu. Ukihisi kanyagio limelegea, rudi mara moja. Hakuna anayekungoja mwishoni na zawadi.

Atakayefuata mpango huu huenda akapitwa na Subaru ya jirani katika mizunguko mitatu ya kwanza. Kufikia alasiri, jirani atakuwa akitafuta lori la kumvuta hadi gereji, naye ataendelea kuzunguka. Jioni atarudi nyumbani kwa gari lile lile, kwa mwendo wa kawaida, akiwa ameacha hamu yake ya kasi mahali panapostahili. Haraka haraka, walisema wahenga, haina baraka, na kwa mnunuzi wa gari la kasi methali hiyo huanza kufanya kazi siku anapotoa pesa mfukoni.