Tusiwanyang'anye Wazee Wetu Jembe



Hapa Tunduma ni kawaida kumsikia mtoto akimwambia mzazi wake, "Mama, pumzika sasa, umefanya kazi ya kutosha." Mama anapokonywa ndoo, jembe linafichwa, naye anawekewa kiti kivulini. Ni upendo. Lakini baada ya miezi michache hawezi tena kuinuka kitini bila kushikwa mkono. Siku moja anaanguka akienda chooni, anavunjika nyonga, nasi wauguzi tunampokea wodini.

Je, ni uzee tu? Kwa sehemu, ndiyo. Ndani ya chembe hai za misuli zimo jeni, yaani maagizo ya urithi tuliyoyapata kwa wazazi wetu. Maagizo hayo hubaki, ila umri unavyosonga, baadhi hufanya kazi kidogo na mengine kupita kiasi. Yale yanayosimamia utengenezaji wa nguvu hulegea. Misuli husinyaa na kuchoka upesi.

Hata hivyo ipo habari njema. Mwaka 2007 watafiti wa Kanada na Marekani walieleza jinsi walivyopima vipande vidogo vya misuli ya paja vya vijana 26 na wazee 25 wenye afya njema. Nguvu za wazee zilikuwa pungufu kwa asilimia 59 kuliko za vijana. Wazee 14 walifanya mazoezi ya kuinua na kusukuma uzito mara mbili kwa wiki, kwa miezi 6. Upungufu ulishuka hadi asilimia 38, na utendaji wa jeni 179 ulirudi kuelekea ule wa ujanani.

Basi, nyumbani tufanye hivi:

1. Mzee aketi na kusimama kitini mara 10, asubuhi na jioni, kadiri ya uwezo wake, mtu akiwa karibu.

2. Aachiwe kazi anazoziweza: kupalilia bustani, kubeba ndoo ndogo, kwenda jumuiya kwa miguu.

3. Ale pia maharage, karanga, dagaa, mayai au maziwa, si ugali na mboga za majani peke yake.

4. Mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu aulize kwanza kituo cha afya. Udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili si uzee, mwahisheni hospitali.

Amri ya nne inatuagiza kuwaheshimu wazazi. Kumwachia mzee jembe lake dogo ni sehemu ya heshima hiyo.